Semina na Mwanafunzi Aliye Mbali

Mtu aandikaye tasnifu ya udaktari hufanya kazi ambayo kwa sheria yake yapasa kuwa ya mtu mmoja. Jina lililo juu ya jalada ni moja, anayehojiwa mbele ya watahini ni mmoja, na kosa likionekana hapana mwingine wa kulibeba. Kwa sababu hiyo watu wengi, na baadhi yao ni wasomi wenyewe, hudhani kwamba upweke ni sehemu ya elimu hiyo kama njaa ilivyo sehemu ya saumu. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba historia haikubaliani na dhana hiyo. Udaktari tuujuao leo ulizaliwa katika mkusanyiko wa watu, ukalelewa na mkusanyiko, na kila ulipopelekwa mbali na mkusanyiko wake watu walitafuta njia ya kuwakutanisha wanafunzi upya: kwa mikutano ya msimu, kwa barua, na katika siku zetu kwa mtandao wa kompyuta. Katika njia nyingi nitaifuata moja, ile iliyotoka Ujerumani ikapita London ikafika Kampala, kwa kuwa ndiyo iliyotugusa sisi wa Afrika ya Mashariki. Kisha nitayatazama yaliyofuata baada ya kompyuta kuingia katika kazi hii.

Neno semina asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitalu, yaani mahali pa kuoteshea miche kabla ya kuipeleka shambani. Mwaka 1787 Friedrich August Wolf alianzisha katika chuo kikuu cha Halle semina ya elimu ya lugha za kale, na Chuo Kikuu cha Berlin kilipofunguliwa mwaka 1810 kwa fikira za Wilhelm von Humboldt, desturi hiyo ilipata makao makubwa zaidi. Mhadhara ulikuwa wa mwalimu kusema na wanafunzi kusikia. Semina ilikuwa kinyume chake. Mwanafunzi alileta hati aliyoichunguza, akasoma aliyoyaandika, na wenziwe wakamkatiza, wakamdai ushahidi, wakampinga. Mwanahistoria Leopold von Ranke aliwakusanya vijana wake nyumbani kwake, baina ya vitabu vyake, na kadhaa wa waliotoka humo walikuja kuwa wanahistoria wakubwa wa nchi ile. Wamarekani waliokwenda kusoma huko walirudi na mbegu hiyo, na Yale ikatoa udaktari wa falsafa wa kwanza katika Marekani mwaka 1861. Uingereza ilijivuta sana. Oxford haikuianzisha shahada hiyo mpaka mwaka 1917.

Mmoja wa waliopita katika vyuo vya Ujerumani ni Bronisław Malinowski, mzaliwa wa Kraków katika nchi ya Polandi. Alipata udaktari huko kwao mwaka 1908, akaenda Leipzig kuendelea na masomo, na mwaka 1910 akahamia London. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Australia naye ni raia wa Austria, yaani raia wa nchi adui, na kati ya mwaka 1915 na 1918 alikaa muda mrefu katika visiwa vya Trobriand akichunguza maisha ya wenyeji. Ulimwengu wa elimu uliyaona matunda ya kazi ile mwaka 1922, kitabu chake juu ya mabaharia wa visiwa hivyo kilipotoka. Gharama yake haukuijua mpaka mwaka 1967, miaka 25 baada ya kufa kwake, ilipochapishwa shajara aliyoiandika kwa siri. Humo twamwona mtu anayekimbilia riwaya ili asifanye kazi, ajilaumuye jioni kwa kuipoteza asubuhi, awakasirikiaye watu aliokuja kujifunza kwao, na mwenye shaka kama kazi yake ina maana yoyote. Kurasa za mwisho ni za kumlilia mama yake, maana habari ya kifo chake ilimfikia baada ya miezi kadhaa kupita. Wasomaji wengi waliishutumu shajara ile kwa maneno ya dharau yaliyomo juu ya wenyeji, nao walikuwa na haki. Mimi naongeza jambo moja tu: mtu yeyote aliyepata kuandika tasnifu mbali na wenziwe ataitambua hali ile mara moja, na pengine ataona haya kwa jinsi anavyoitambua.

Mtu huyu aliyeonja upweke wa namna hiyo ndiye aliyekuja kujenga, katika chuo cha London School of Economics, semina mashuhuri kuliko zote za elimu yake. Ilikutana siku ya Alhamisi. Waliohudhuria walitoka pande nyingi za dunia: Raymond Firth alitoka New Zealand, Fei Xiaotong alitoka China na akapata udaktari wake mwaka 1938, na Audrey Richards alikuja akaenda kufanya uchunguzi kwa Wabemba wa nchi iitwayo leo Zambia. Malinowski hakuwa mwalimu mpole. Alikuwa na majivuno na ulimi mkali. Lakini naye aliwasomea wanafunzi rasimu za vitabu vyake mwenyewe, wakazichambua mbele yake. Jambo hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mwanafunzi aliyeona mwalimu wake akisahihishwa hadharani na asife hujifunza kwamba kusahihishwa si aibu, na elimu hiyo haipatikani katika kitabu.

Mezani hapo aliketi pia Jomo Kenyatta. Kazi aliyoifanya ndiyo iliyokuja kuwa kitabu cha Facing Mount Kenya, kilichotolewa mwaka 1938 na kuandikiwa utangulizi na Malinowski. Kenyatta alikuwa katika hali ambayo wenziwe wengi hawakuwa nayo, kwa kuwa aliandika habari za watu wake mwenyewe, mbele ya watu waliojua namna ya kuuliza bali hawakuijua nchi ya Wakikuyu kama yeye. Tunaweza kubishana mchana kutwa juu ya kitabu chake, na wasomi wamebishana, lakini hapana shaka kwamba kilisukwa katika majibizano ya watu.

Sasa tuje Kampala. Chuo cha Makerere, kilichoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, kilipandishwa daraja mwaka 1949 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London, na pamoja nacho kikawekwa chombo cha uchunguzi wa mambo ya jamii ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1950 Audrey Richards, yule mwanafunzi wa semina ya Alhamisi, alikuja kuwa mkurugenzi wake, akakaa mpaka mwaka 1956. Watafiti aliowakuta na aliowapokea walikuwa wametawanyika katika Uganda, Kenya na Tanganyika, kila mmoja kijijini kwake, na aghalabu msimamizi wake alikuwa ng'ambo ya bahari. Lloyd Fallers, kwa mfano, alikuwa Busoga akikusanya habari za machifu na utawala, na tasnifu yake ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Chicago, aliyoimaliza mwaka 1953. Barua ya kutoka Busoga kwenda Chicago na jibu lake si mazungumzo. Swali likija kujibiwa, aliyeuliza amekwisha lisahau au amekwisha likosea.

Richards aliwafanyia watu hawa kile alichofanyiwa yeye. Aliwaita Kampala kwa mikutano ya vipindi, na kila mmoja alipaswa kuja na karatasi. Karatasi hizo zilipigwa taipu, zikarudufiwa kwa stensili na kugawiwa, na waliokutana walizijadili moja baada ya nyingine. Makaratasi hayo ya mikutano ya Makerere yametajwa na wanahistoria na wataalamu wa jamii kwa miaka mingi ijapokuwa mengi hayakuchapwa vitabuni, na aliyepata kuyashika anajua wino wake uliofifia na makosa ya taipu yaliyosahihishwa kwa kalamu. Hayakuwa kazi kamili. Thamani yake ilikuwa katika kutokamilika huko, kwa maana mtu alionyesha kazi ingali mbichi, ingali ya kubadilika. Kitabu kimoja kilichotokana na ushirika huo, East African Chiefs, alichokihariri Richards mwenyewe, kiliandikwa na watafiti kadhaa, kila mmoja akieleza machifu wa nchi aliyoichunguza, na sura zao zikasomeka kama majibu ya swali moja.

Sipendi kuipamba picha hii kupita kiasi. Meza ilikuwa Kampala, lakini wengi waliokuwa wakiizunguka katika miaka hiyo ya 1950 walikuwa Wazungu, na Mwafrika aghalabu alikuwa mtoa habari, mkalimani au msaidizi. Aliyejua zaidi ndiye aliyekaa nje. Hali hiyo ilianza kubadilika vyuo vyetu vilipopanuka, kisha Chuo Kikuu cha Afrika ya Mashariki kilichoundwa mwaka 1963 kikagawanyika mwaka 1970 na kuwa vyuo vitatu vya nchi tatu. Kugawanyika huko kulikuwa na sababu zake, nazo si maudhui yetu. Lakini kwa mwanafunzi wa udaktari kulikuwa na hasara moja isiyotajwa sana: mwenzake wa somo lilelile, aliyekuwa Nairobi au Makerere, sasa alikuwa katika chuo cha nchi nyingine, na katika idara yake mwenyewe huenda alikuwa peke yake.

Pamoja na njia hii ya semina palikuwa na njia nyingine, ya posta. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa mtu yeyote popote alipojisomea, na mwaka 1865 mitihani hiyo ilikuwa imekwisha vuka bahari ikafika kisiwa cha Morisi. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, Unisa, kilianza kufundisha kwa barua mwaka 1946. Maelfu ya watu ambao wasingalipata shahada kwa njia nyingine walizipata kwa njia hii, na aibeuye hajui alichokuwa nacho mtoto wa karani au wa mkulima katika siku hizo. Ila posta ilileta vitabu, ilileta mtihani, ikaleta hata mwalimu kwa kiasi. Kitu isichoweza kukileta ni mwenzi.

Watu wa pwani watasema kwamba hili wanalijua tangu zamani. Sheikh Abdallah Bakathir, aliyezaliwa Lamu na kufundisha Ukutani mjini Unguja, na Sayyid Ahmad bin Sumayt, kadhi wa Unguja, wote wawili waliofariki mwaka 1925, walikuwa wameunganishwa na wanazuoni wa Hadhramaut kwa barua na kwa safari. Lakini barua hizo zilitembea baina ya watu waliokwisha kuketi pamoja katika darasa, magoti yakigusana, au baina ya wanafunzi wa mwalimu mmoja. Barua iliendeleza ujuzi wa uso kwa uso. Haikuchukua mahali pake.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote katika jambo hili umetoka mahali ambapo mtu hautarajii. Katika kisiwa cha Robben, wafungwa wa siasa wa Afrika Kusini walisoma kwa posta. Nelson Mandela alijiandikisha kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, ruhusa ikatolewa na kuondolewa, na shahada yake ya sheria aliipata mwisho kwa Unisa mwaka 1989, bado akiwa mfungwa. Lakini waliotoka huko hawasimulii sana habari za posta. Husimulia machimbo ya chokaa, ambako waligawana masomo, aliyejua historia akafundisha historia, aliyejua uchumi akafundisha uchumi, huku mikono ikishika sururu. Mmoja wa walimu hao alikuwa Neville Alexander, aliyekaa kisiwani tangu mwaka 1964 hadi 1974, naye alikuwa amekwisha pata udaktari mwaka 1961 katika chuo kikuu cha Tübingen, Ujerumani. Semina ya Kijerumani, basi, ilifika machimboni bila meza wala karatasi. Wafungwa wale walikuwa na posta mbovu kuliko wanafunzi wote wa Unisa, na walikuwa na wenzi bora kuliko wengi wao.

Hivyo ilipokuja kompyuta swali lilikuwa limekwisha andaliwa. Je, mashine hii itakuwa posta ya haraka tu, au itaweza kumletea mwanafunzi aliye mbali wenziwe pia?

Waliolishika swali hili mapema kwa ajili ya udaktari hasa ni watu wa Fielding, chuo kilichoanzishwa mwaka 1974 huko Santa Barbara, California, kwa watu wazima wenye kazi na jamaa, wakisoma udaktari majumbani mwao. Rena Palloff na Keith Pratt, ambao walisomea udaktari katika chuo hicho, walitoa mwaka 1999 kitabu juu ya kujenga jumuiya za kujifunza katika mtandao, na kitabu hicho kikasomwa sana na walimu. Kabla yao, mwaka 1991, Jean Lave na Etienne Wenger walikuwa wamechapisha kitabu kidogo ambacho tungependa wasomaji wetu wakijue, kwa kuwa sehemu ya mzizi wake iko Afrika. Lave alikuwa amechunguza mafundi cherehani wa Kivai na Kigola katika mji wa Monrovia, Liberia. Aliona kwamba mwanagenzi hafundishwi kwa mihadhara. Huanza pembeni, kwa kazi ndogo ambayo hata akiiharibu hasara si kubwa, naye husogea katikati kidogo kidogo kadiri anavyoaminiwa na mafundi. Kutoka katika cherehani hizo na mifano mingine waliandika kwamba kujifunza ni kuingia katika jumuiya ya watu wa kazi fulani. Mambo haya mzee yeyote wa ufundi katika nchi zetu angaliyasema bila kitabu. Lakini vyuo vikuu huhitaji kitabu.

Mtu wa tatu anastahili kutajwa hapa. Martin Dougiamas alikulia katika jangwa la Australia ya Magharibi, mahali ambapo shule ilikuwa sauti ya mwalimu katika redio na mafurushi ya vitabu yaliyoletwa kwa ndege. Alipokuwa akifanya utafiti wa udaktari katika chuo kikuu cha Curtin, mjini Perth, juu ya jumuiya za watu wanaojifunza pamoja kwa intaneti, aliandika programu ya kujaribia fikira zake. Programu hiyo ni Moodle, iliyotolewa kwa ukamilifu mwaka 2002 bila malipo, na leo vyuo vingi vya Afrika ya Mashariki vinaitumia. Naona ajabu kila niikumbukapo habari hii. Chombo ambacho wengi wetu twakijua kama mahali pa kupakua maelezo ya somo na kupakia zoezi kabla ya saa sita za usiku kilitungwa na mtoto aliyesoma peke yake jangwani, kusudi wanafunzi wazungumze. Sisi tumekigeuza kuwa sanduku la posta.

Kwetu mambo yalichelewa kwa sababu ya bahari. Simu ya waya ya chini ya bahari ilifika Unguja mwaka 1879, lakini kwa miaka mingi intaneti yetu ilipita angani kwa setilaiti, polepole na kwa bei kubwa. Mwaka 1999 vyuo vya Kenya viliunda mtandao wao wa elimu, KENET. Mwezi wa Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi ukigusa Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka huohuo waya mwingine, TEAMS, ukaunganisha Mombasa na Fujairah katika Falme za Kiarabu. Njia ya majahazi ya zamani ikapitiwa na nuru. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1994, kilikuwa kimeanza kwa makaratasi na vituo vya mikoani. Baada ya nyaya hizi, mwanafunzi wake wa udaktari aliye Kigoma au Mtwara aliweza kumwona msimamizi wake usoni bila kupanda basi.

Kumwona msimamizi, hata hivyo, si kuwaona wenzi. Jaribio kubwa zaidi la kuwapa wanafunzi wa udaktari wa Afrika wenzi wa kweli lilianza mwaka 2008, nalo hujulikana kwa jina la CARTA. Linaongozwa na kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya, APHRC, cha Nairobi, pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na limeunganisha vyuo vya Kenya, Uganda, Rwanda, Malawi, Nijeria na Afrika Kusini katika elimu ya afya ya umma na ya idadi ya watu. Wanaochaguliwa ni watumishi wa vyuo hivyo, yaani watu wanaofundisha madarasa makubwa mchana na kuandika tasnifu usiku. Huitwa pamoja kwa semina nne, kila moja ya wiki kadhaa, zilizopangwa kufuata hatua za tasnifu tangu swali la utafiti hadi kuandika na kutazama maisha ya baadaye. Na baina ya semina moja na nyingine huunganishwa kwa mtandao. Wasimamizi nao huitwa kufundishwa, maana ni kazi bure kumpa mwanafunzi desturi mpya kisha kumrudisha kwa mwalimu anayeiona desturi hiyo kuwa utovu wa adabu.

Ukiutazama mpango huu vizuri utaona ni mikutano ya Kampala ya Audrey Richards imerudi, ila sasa waitwao ni Waafrika na waitao ni Waafrika. Karatasi huletwa. Wenzi huisoma. Tarehe imewekwa. Mtandao umeongezwa ili moto usizimike kati ya mkutano na mkutano. Chombo kile cha Makerere chenyewe kilifanya vinginevyo. Chini ya Mahmood Mamdani kilianza mwaka 2012 udaktari wa kukaa pamoja, wenye miaka ya kusoma darasani kabla ya tasnifu, kwa imani kwamba hapana njia ya mkato. Wengine wamejaribu njia ya mtandao mtupu. AuthorAID, mpango ulioanzishwa mwaka 2007 na shirika la INASP la Uingereza, humkutanisha mtafiti chipukizi na mzoefu aliye nchi nyingine, ili amsaidie kuandika makala, na huendesha masomo ya uandishi kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja bila malipo. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga vyuo, hata wale wasioamini mtandao walilazimika kuujaribu, na semina zikahamia katika vioo vidogo, kila mtu katika dirisha lake.

Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo naliona kuwa kiini cha historia hii yote. Katika chumba cha Ranke, kijana asipokuja kiti chake kilibaki kitupu, na kila aliyeingia alikiona. Katika mkutano wa Kampala, aliyekosa kuleta karatasi alijulikana kabla ya chai. Katika mtandao hakuna kiti. Jumuiya ya watu 200 katika WhatsApp huendelea kuvuma asubuhi na jioni kwa hongera, matangazo ya makongamano na viungo vya makala, na mtu mmoja aliyenyamaza tangu mwezi wa Machi hatambulikani kuwa amenyamaza. Jina lake limo katika orodha. Huenda anasoma kila neno. Huenda amekwisha acha masomo na anaona haya kujitoa. Mwanafunzi wa udaktari haachi kwa kishindo. Hukawia kujibu barua moja, kisha ya pili, kisha huogopa kuifungua ya tatu kwa sababu hakujibu ya pili, na baada ya mwaka mmoja chuo humwandikia juu ya ada. Wengi waliopotea walipotea hivyo, nao hawakuwa wajinga wala wavivu. Hapakuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuona kwamba hawapo.

Kwa hiyo siafikiani na wanaopima jumuiya hizi kwa wingi wa wanachama au wa ujumbe. Zile ambazo nimeona zikidumu ni ndogo, watu sita au wanane, nazo zina ukali fulani ambao mgeni angeuona wa kizamani. Kila mmoja ana zamu yake. Kurasa hutumwa siku tatu kabla, hata zikiwa mbaya, na mbaya hasa ndizo zitakiwazo. Hakuna aruhusiwaye kusema "nzuri sana" kisha akanyamaza. Msimamizi haingii, na kama akiingia basi ni kwa mwaliko na kwa kazi yake mwenyewe ya kuchambuliwa, kama alivyofanya Malinowski; maana mwanafunzi wetu, aliyelelewa kumheshimu mwalimu kama mzazi, hataonyesha udhaifu wake mbele ya mtu atakayemtahini. Na yupo mmoja mwenye daftari la mahudhurio. Umeme ukikatika au vifurushi vikiisha, husoma kwa simu ya jirani na kutuma maoni kwa maandishi. Hayo yote hayamo katika programu yoyote. Yametoka Halle na Berlin, yakapita London na Kampala, kwa miguu ya watu.

Lugha nayo inahitaji neno. Meza zote nilizozitaja, isipokuwa darasa la Ukutani, zilizungumza lugha za Ulaya, na zile zinazotuhusu leo huzungumza Kiingereza. Lakini sasa zimo tasnifu za udaktari zilizoandikwa kwa Kiswahili, katika vyuo vyetu na katika Chuo Kikuu Huria, na waandishi wake wamo Dodoma, Eldoret, Zanzibar na kwingineko. Watu hawa hujadili nadharia kwa Kiswahili usiku kwa usiku wakizozana juu ya istilahi, na mara nyingi neno linalokuja kuingia kitabuni lilikwisha zozaniwa hapo kwanza.

Kundi lenye watu wa Nairobi, Ibadan na Johannesburg lina shida nyingine, ya saa. Ikiwa ni saa mbili za usiku Nairobi, Johannesburg ni saa moja, na Ibadan ni saa kumi na mbili za jioni, wakati ambao mtu bado yumo njiani katika msongamano wa magari. Hivyo mkutano huanza kwa dakika chache za kungojana. Mwenye daftari huita majina, mmoja hujibu akiwa garini, mwingine huomba radhi kwa kelele za watoto, na jina ambalo halikujibiwa huitwa mara ya pili. Lisipojibiwa tena, mmoja wa waliopo hutoka katika mkutano kwa muda na kumpigia simu.